Unanunua nyumba Moshi? Ukuta si mpaka

Miezi ya karibuni tumekuwa tukipokea malalamiko ya aina moja karibu kila wiki kwenye dawati la upimaji. Mtu amenunua nyumba, amelipa yote, amehamia, halafu jirani anamjia na ramani mkononi kumwambia ukuta wake umeingia kwenye kiwanja kisicho chake. Wengi wao ni watu waungwana waliojinyima miaka mingi ili wapate pa kukaa, na inaniuma kuwaona wakija kwetu baada ya kulipa badala ya kabla.

Jambo hili nimelirudia hadi koo limekauka. Mpaka wa kiwanja kilichopimwa haupo kwenye ukuta, wala kwenye michongoma, wala kwenye kidole cha muuzaji anayekuonyesha “kuanzia hapa hadi pale kwenye mwembe”. Upo kwenye bikoni, yaani alama za zege na nondo zinazofukiwa kwenye kona za kiwanja, na mahali pa kila bikoni pameandikwa kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Ukuta ulijengwa na fundi, naye alifuata kamba.

Hivi majuzi tulikwenda mtaa wa Soweto, hapa Moshi, kufufua mipaka (kutafuta upya bikoni kwa kufuata ramani) ya nyumba iliyokwisha kununuliwa. Ramani ilionyesha kiwanja cha mita 20 kwa 30. Bikoni mbili tulizikuta kwenye kona za ukuta, sawasawa. Ya tatu ilikuwa imefunikwa na maua, mita 1.4 ndani ya ua. Ya nne haikuonekana, na kifaa cha upimaji kikatupeleka pembeni ya mfuniko wa shimo la maji taka. Kijana wetu akachimba taratibu hadi sururu ikagonga kitu kigumu: kipande cha zege, na katikati yake nondo iliyoshika kutu. Kutoka hapo hadi ukutani, mita 1.4 zilezile. Zidisha kwa urefu wa mita 30, unapata mita za mraba 42 ambazo ni mali ya jirani, na juu yake kuna shimo la maji taka na nusu ya jiko la nje. Mama mwenye nyumba alikalia ndoo aliyoigeuza, akauliza mara mbili, “Sasa hiyo ni yake kweli?” Ni yake kweli.

Mama huyu alifanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, na hati ilikuwa safi. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Upekuzi unakuambia mmiliki ni nani, kama kuna rehani, kama kuna zuio. Hausemi ukuta umesimama wapi. Hilo husemwa na mpima aliyefika kiwanjani.

Kwa hiyo, kabla ya malipo ya kwanza, chukua namba ya kiwanja na kitalu, omba nakala ya ramani ya upimaji, kisha mpe kazi mpima aliyesajiliwa au iandikie halmashauri kuomba kufufuliwa mipaka. Majirani wa pande zote wapewe taarifa ya maandishi, na siku ya kazi wawepo pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Mpima akupe taarifa yenye mchoro na sahihi yake, si maneno ya mdomo. Taarifa hiyo iambatanishwe na mkataba, na wakili aandike kwamba muuzaji atawajibika kwa dosari yoyote ya mpaka. Ndipo mjaze fomu namba 29, 30 na 35 za uhamisho, pamoja na ridhaa ya mwenza wa muuzaji.

Tafadhali msije na picha za simu. Simu hukosea mita kadhaa, na mgogoro wako ni wa mita moja na nusu. Isitoshe, ramani zetu nyingi za zamani zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuonyesha mahali kwa namba, ambao hausomeki sawa na wa simu.

Wala msihamishe bikoni. Kuing'oa kwa nia ya kudhulumu ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake ni kifungo. Hata ukiing'oa, ramani ipo na tutairudisha palepale.

Wapo wanaotuambia ukuta ukimaliza miaka 12 ardhi inakuwa yako. Si hivyo. Miaka 12 ni ukomo wa kufungua madai ya ardhi. Kama ukomo umetimia au la, huamua chombo chenye mamlaka baada ya kusikiliza ushahidi, na aliyekaa kwa ruhusa ya jirani hana hoja hapo.

Kwenye vihamba (mashamba ya ukoo) visivyopimwa, Kibosho au Uru, masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, bado yanaheshimiwa, na ni vyema. Lakini masale huota na kusambaa, na mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia) hubadilisha njia. Pita mpakani pamoja na majirani wote na ndugu wa muuzaji, kisha waweke sahihi. Kama nyumba iko kando ya mto Karanga au Rau, kumbuka pia mita 60 za hifadhi ya mto chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Mgogoro ukishatokea, Baraza la Kata linasuluhisha tu tangu marekebisho ya sheria ya 2021, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila mwafaka, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Yule mama wa Soweto hakufika huko. Jirani amekubali kumwuzia kipande kile, na sasa wanasubiri ramani ya marekebisho iidhinishwe kabla ya hati zote mbili kubadilishwa. Kipande na upimaji analipa mama. Muuzaji hapokei simu.