Kapeti limelowa maji ya bomba: lianikwe, lioshwe au litupwe? Maswali na majibu

Hapa Dodoma watu wengi wakisikia habari za ukungu ndani ya nyumba wanaona ni shida ya Tanga au Bukoba huko, sisi kwetu ni jua, vumbi na upepo tu. Mimi ni bibi afya, nazunguka nyumba kwa nyumba, na ukungu nimeukuta Nkuhungu, nimeukuta Ipagala, nimeukuta Ilazo kwenye nyumba mpya kabisa, na mara nyingi mvua haihusiki. Ni koki iliyoachwa wazi wakati wa mgao, mtu kaifungua asubuhi kaona kavu, kaenda zake kazini Mtumba, maji yakarudi mchana hakuna mtu nyumbani. Au floti ya tanki imegoma usiku, au paipu ya chini ya sinki imepasuka. Maji yanaingia sebuleni, yanakaa chini ya kapeti, na wenye nyumba wanajua wameshakausha. Haya ndo maswali ninayoulizwa sana, nimeyaandika kama watu walivyoyauliza.

Dada, nimerudi nimekuta sebule yote maji, kapeti limelowa chapachapa. Naanza na nini?

Umeme. Kabla hujakanyaga hayo maji angalia ile ekstensheni inayolalaga chini nyuma ya tivii, angalia na soketi za chini. Kama maji yamefika huko, zima meni swichi kwanza, na kama kuifikia meni swichi inabidi upite kwenye maji basi usiende, waite TANESCO au fundi umeme, watoto wakae nje. Hili nalisema kwanza kwa sababu watu huwa wanakimbilia kuokoa kapeti, na kapeti linanunulika.

Afu funga koki kubwa pale kwenye mita au kwenye tanki, manake unaweza ukadeki saa nzima huku maji bado yanaingia. Toa masofa, na yale mazito nyanyua miguu uweke juu ya vipande vya tofali. Kapeti lenyewe likilowa linakuwa zito kuliko unavyofikiria, mlikunje watu wawili au watatu, tailizi zikiwa na maji zinateleza na hapo ndo watu wazima wanavunjikaga nyonga.

Kwani kuna haraka gani? Si maji safi tu ya bomba?

Yanakuwa safi yakiwa kwenye bomba. Yakishapita kwenye kapeti yamekutana na vumbi la miezi, makombo ya chakula, ngozi zetu zinazopukutika, miguu ya watu wote walioingia humo, na hicho chote ni chakula cha ukungu. Mbegu za ukungu zenyewe ziko hewani kila siku, ni ndogo huzioni, zinakaa tu zikisubiri unyevu. Kitu kikikaa kimelowa kati ya saa 24 na 48 ukungu unaanza kuota, na unaanza kabla hujauona kwa macho. Kwa hiyo ile ya kusema nitalianika Jumamosi nikipata nafasi, na leo ni Jumatatu, hapo umeshachelewa.

Langu nikipitisha mkono juu ni kavu kabisa. Si limeshapona?

Hapa ndo pananiuma, naomba usome taratibu.

Mwezi wa saba mwaka jana niliingia nyumba moja Ilazo, mama ana mtoto wa miaka 3 anakohoa wiki ya tatu, kila ikifika saa tisa usiku mtoto anaamka anakaa kitandani anakohoa mpaka anatapika. Dawa za kikohozi wamempa chupa mbili, amoksilini wamempa. Sebule ni safi, inanukia vizuri. Nikamuuliza kuna maji yamemwagika humu karibuni? Akasema eeh, paipu ya jikoni ilipasuka ila tulikausha siku ile ile, tukawasha feni. Nikapiga magoti kwenye kona nyuma ya sofa kubwa, nikashika ncha ya kapeti nikalivuta, likabanduka na ule mlio kama unatoa plasta kwenye kidonda. Kwa chini lilikuwa na sponji ya njano, imejaa vidoa vyeusi vidogo vidogo kama pilipili manga, tailizi zina utelezi, na harufu ni ya gunia lililosahaulika kwenye mvua. Na pale juu, nilipokuwa nimepiga magoti, pakavu kabisa. Mtoto alikuwa anachezea magari yake hapo hapo kila siku.

Yaani juu kunakauka kwa sababu kunapata hewa, chini maji yamebanwa kati ya sponji na sakafu hayana pa kutokea. Ukitaka kujua kama limekauka, nyanyua kona zote nne na katikati pia, weka kitambaa cheupe kikavu upande wa chini, kanyaga kwa uzito wako wote, hesabu mpaka 10. Kitambaa kikitoka na ubaridi au doa la maji, bado. Na inama unuse. Pua yako ni kipimo kizuri, ila pua ya mgeni ni bora zaidi, wewe unayelala humo ulishaizoea.

Jua la Dodoma linatosha kulikausha?

Linatosha, na kwa kweli tuna bahati. Kuanzia Mei mpaka Novemba hewa yetu ni kavu na upepo upo, mtu wa Dar akilowesha kapeti ana kazi kubwa kuliko wewe. Ila lianike inavyotakiwa. Usilitandaze chini kwenye mchanga, litabeba vumbi na mbigili, afu upande wa chini haupati hewa. Litundike kwenye ukuta wa fensi au kwenye kamba mbili nene zilizoachana ili katikati hewa ipite, na upande wa sponji ndo uanze kuangalia jua, mchana unaligeuza. Lisikunjwe. Kabla ya kulianika likamue maji, liviringishe kwa nguvu watu wawili mkilikandamiza kwa miguu, au kwangua kwa ubao kuanzia katikati kwenda pembeni. Siku mbili za jua kali kwa kapeti la kawaida, yale ya manyoya marefu yanaweza yakataka tatu.

Kama sponji ni ya kutenganishwa, iache nje, usiirudishe. Sponji inabeba maji mengi kuliko kapeti lenyewe na ni ngumu kukauka katikati, mi huwa nashauri itupwe tu ununue nyingine. Kwa yale makapeti yaliyobandikwa na gundi chumba kizima, lazima yabanduliwe, hakuna namna ya kuyakausha yakiwa pale pale.

Kuanzia Desemba mpaka Aprili kwenye mvua hali ni nyingine, jua la masaa matatu afu wingu. Hapo litundike barazani, madirisha yote wazi, feni ipulize upande wa chini. Na sakafu usiifunike haraka, iache wazi siku kadhaa hata kama kapeti limeshakuwa tayari, saruji inakunywa maji na inayatoa polepole.

Kulikuwa na baridi tukaweka jiko la mkaa katikati ya chumba ili pakauke haraka. Kuna ubaya?

Ubaya upo na ni mkubwa kuliko ukungu wenyewe. Mkaa ukiwaka unatoa hewa ya sumu inaitwa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na ule moshi ukiisha mkaa ukawa mwekundu vizuri watu wanadhani ndo umekuwa salama, kumbe sumu inaendelea kutoka. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, na wengine hawaamki. Juni na Julai baridi ya usiku hapa tunaijua wote, na madirisha tunayafunga. Tafadhali sana, jiko la mkaa lisiingie chumbani, sio kukausha kapeti, sio kuota moto. Ukiona mtu kaanza kulewa lewa kwenye chumba chenye jiko, mtoe nje kwenye hewa kwanza, afu mkimbize hospitali.

Yaliyoingia ni maji ya chemba, choo kilirudisha. Nikilifua na jiki si linakuwa salama?

Litupe. Najua ni hela, na najua kuna mtu anasoma hapa kapeti lake ni la zawadi ya harusi, lakini maji ya choo yana vijidudu vya kuhara, vya taifodi, mayai ya minyoo, na yakishaingia ndani ya nyuzi na sponji huwezi kuyafikia yote kwa kufua. Na anayekaa chini kwenye kapeti ni nani? Ni mtoto anayetambaa, anayeshika chini anaweka mkono mdomoni. Unapolitoa vaa mabuti na glavu, kama una kidonda mguuni kifunike au mwachie mwingine, likunje kwa ndani lisichuruzike nyumba nzima, afu unawe mikono kwa sabuni. Sakafu isugue kwa sabuni kwanza uchafu uishe ndo upitishe jiki, kwa sababu jiki ikikutana na uchafu inaisha nguvu.

Jiki ngapi? Na kwenye kapeti lenye ukungu naweza kumwagia?

Kwenye sakafu au tailizi, jiki isizidi kikombe kimoja cha mililita 250 kwenye maji lita 4, madirisha wazi, glavu mkononi. Usichanganye jiki na dawa ya kusafishia choo wala na sabuni nyingine ya kemikali, wengine wanachanganya ili iwe kali zaidi, inayotoka hapo ni gesi ya sumu inayochoma mapafu. Kwenye kapeti jiki haisaidii, inababua rangi tu na haifiki kwenye mizizi ya ukungu, na ukungu hata ukifa ukabaki mle mle bado unasumbua wenye aleji. Kapeti lililoota ukungu mpaka unauona, ushauri wangu ni liondoke. Usilipige fagio ndani wala kuliwashia feni, utapuliza mbegu nyumba nzima. Likunje polepole ukiwa na barakoa, toka nalo.

Kwenye ukuta naona kama unga mweupe na rangi imevimba. Ni ukungu huo?

Mara nyingi kwa hapa kwetu ni chumvi, inatoka kwenye matofali na ardhi maji yanapopanda ukutani. Dondoshea maji, chumvi inayeyuka, ukungu hauyeyuki. Ila chumvi nayo inakwambia ukuta umelowa, kwa hiyo tafuta maji yanatokea wapi.

Tukijua ukungu ni ule mweusi ndo wa hatari, wa kijani hauna shida?

Hapana. Rangi haikwambii hatari, wote unatolewa.

Nitajuaje kama kikohozi cha mtoto kinatokana na nyumba?

Kwa uhakika huwezi kujua mwenyewe, ila kuna dalili za kuangalia. Chafya na mafua mepesi yasiyoisha, macho kuwasha, kikohozi kikavu kinachozidi usiku au mkiwa ndani, na mkienda kwa bibi Kondoa siku nne kinapungua, mkirudi kinarudi. Mwenye pumu anaanza kubanwa mara kwa mara, pampu inaisha haraka kuliko kawaida. Amoksilini kwa hali hiyo haisaidii kitu maana sio bakteria. Mwambie daktari wazi kwamba nyumbani maji yalimwagika, wengi hawasemi kwa sababu hawaoni uhusiano. Yule mtoto wa Ilazo alipelekwa hospitali ikaonekana ana pumu, akaanzishiwa dawa, na kapeti likatolewa, vyote viwili kwa pamoja.

Ila kikohozi kisikufanye usubiri. Mwinue nguo akiwa amelala au ametulia, hesabu pumzi dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifika 50 na kuendelea, wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40 na kuendelea, au nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, au anashindwa kunyonya, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Na kwenye kazi ya kusafisha, wenye pumu, wajawazito, wazee na wenye kinga ndogo wakae mbali, kwa mwenye kinga ndogo ukungu unaweza kuingia mpaka kwenye mapafu.

Harufu tu ndo imebaki, nachoma udi.

Udi unafunika. Kama harufu ipo, unyevu upo, rudi ukanyanyue kapeti.

Nimepanga, mwenye nyumba anasema hakuna kinachovuja, mi nakuta kona imelowa kila asubuhi. Namthibitishiaje?

Usiku kabla ya kulala funga koki zote za ndani pamoja na ile inayopeleka maji kwenye tanki, manake tanki likiwa linajaa mita itatembea na mtabishana bure. Piga picha ya mita na simu, saa inaonekana. Asubuhi kabla mtu yeyote hajachota hata kikombe, piga tena. Kama usiku ule maji ya mgao yalikuwepo na namba zimesogea, kuna paipu inavuja baada ya mita, mpelekee picha zote mbili na umwonyeshe kona yenyewe kapeti likiwa limenyanyuliwa.