Muuzaji hodari si lazima awe msimamizi hodari

Imani kwamba anayeuza kuliko wenzake ndiye anayefaa kuwaongoza ni ya miaka mingi, na kwa mtazamo wa haraka inaonekana ni ya haki, kwani nani anastahili cheo kumzidi mchapakazi? Hata hivyo, utafiti wa Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue kuhusu wauzaji wa kampuni nyingi za Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa waliouza zaidi ndio waliopandishwa vyeo zaidi, lakini walipokuwa wasimamizi, mauzo ya walio chini yao yalielekea kushuka.

Uhodari wao haukuyeyuka. Tuchukue duka la simu: kijana mgeni kazini anababaika kumweleza mteja tofauti ya bei, na msimamizi, ambaye mikono imeshaanza kumwasha, anaingilia kati, anatoa simu kabatini na kumaliza biashara kwa dakika tatu. Mteja ameridhika; kijana amejifunza kusogea pembeni. Kasi ileile iliyomjengea msimamizi jina sasa inamdumaza mwenzake.

Watafiti hao waliona pia kuwa waliozoea kushirikiana na wenzao katika mauzo walielekea kuwa wasimamizi bora. Kipaji, kwa hiyo, hakihitaji kufifishwa. Msimamizi anaweza kusimama hatua mbili nyuma ya kaunta na kutoa maelekezo mteja akishaondoka. Na muuzaji asiyependa kuongoza, nadhani, aongezewe tu kamisheni, abaki na wateja wake.