Ada ya chama inakatwa, mbona sitetewi?

Siku hizi malalamiko tunayoletewa mezani ni yale yale, chama cha wafanyakazi kimelala, mtu kafukuzwa kazi na hakuna aliyenyanyua mdomo. Sawa, mengine ni ya kweli. Lakini ukimuuliza mlalamikaji kama alijaza fomu ya uanachama anashangaa, alidhani ukishaajiriwa tu basi ushakuwa mwanachama. Jamani, sio hivyo!

Tatizo kubwa la vyama vya wafanyakazi kwenye nchi zinazoendelea ni idadi. Takwimu za Shirika la Kazi Duniani, ILO, za 2018 zinaonyesha watu zaidi ya bilioni 2, kama asilimia 61 ya wenye kazi duniani, wako kwenye ajira isiyo rasmi. Sasa chama kinaishi kwa ada inayokatwa kwenye mshahara, mchuuzi au kibarua wa kutwa unamkata wapi? India wanawake wa SEWA, chama cha wanawake waliojiajiri wenyewe, walipoenda kusajili chama chao walikataliwa kwanza eti hawana mwajiri wa kudai kwake, wakakomaa mpaka wakasajiliwa 1972.

Hata kwenye ajira rasmi mikataba ni ya miezi mitatu mitatu, ukijiunga na chama hauongezewi, na hakuna anayekuandikia kwamba ndio sababu. Halafu unakuta kiwanda kimoja vyama vitatu, viongozi wanagombania wanachama, mwajiri anachekelea tu.

Ukionewa kwa sababu ya uanachama, Mkataba namba 98 wa ILO wa 1949 unakataza, ila haujitetei wenyewe. Weka nakala ya fomu yako yenye sahihi, hati ya mshahara inayoonyesha makato, na barua ya kuachishwa, anza kwa katibu wa tawi, nenda kwa afisa kazi, na uangalie muda wa kufungua shauri maana kila nchi ina siku zake na mara nyingi ni chache, ukichelewa utatakiwa kueleza sababu kwa maandishi, na "nilikuwa nasubiri bosi apoe" sio sababu.

Na viongozi, Mkataba namba 87 wa 1948 unazuia serikali kuvunja chama kwa amri ya ofisini tu, lakini hiyo sio ruhusa ya kukaa miaka bila mkutano mkuu wala mahesabu yaliyokaguliwa. Mwanachama akitaka kuyaona aombe kwa barua, na abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.