Kanda ya zamani ichezwe mara moja na robo

Kila mwimbaji wa Tabora aliyeanza kuimba kabla ya simu janja ana boksi lake chini ya kitanda. Ndani mna kanda tatu nne, daftari la mashairi lililoliwa na mchwa pembeni, picha za jukwaani zilizogandana, pengine na santuri moja isiyo na bahasha. Daftari na picha vinaweza kusubiri. Kanda haziwezi, na nyingi haziuawi na uzee. Zinauawa siku ileile mwenyewe anapozikumbuka: anaichomeka kwenye redio kaseti iliyokaa kabatini miaka kumi, anabonyeza, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha redio imeshaitafuna.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii. Kanda ya kumbukumbu ichezwe mara moja tu, siku ambayo kila kitu kiko tayari kuirekodi upya. Nikiongeza ile nusu dakika ya kurekebisha hedi, yaani kile kichwa cha chuma kinachosoma mkanda, tuseme mara moja na robo.

Nyimbo za bendi kubwa hazinitishi sana. Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids, hao walirekodiwa Radio Tanzania na baadhi ya kazi zao zikatoka kwenye santuri. Hata marehemu Shem Karenga, aliyetoka Kigoma akapitia Lake Tanganyika Jazz kabla ya kujulikana na Tabora Jazz, sauti yake bado unaisikia redioni. Anayenitia wasiwasi ni mwimbaji wa kujitegemea: manju wa ngoma aliyerekodiwa kwenye arusi, dada wa kwaya aliyejirekodi sebuleni Isevya, kijana wa gitaa moja aliyekuwa akinakili kanda zake mwenyewe na kuziuza stesheni. Huyo nakala yake ni moja, na iko kwenye lile boksi.

Kabla ya lolote, vunja vile vibanzi viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, kimoja kwa kila upande. Bila vibanzi hivyo kitufe cha kurekodi hakishuki, na mtoto hawezi kufuta wimbo kwa bahati mbaya. Ukikuta tundu limezibwa na selotepu, ujue kuna mtu aliwahi kurekodi juu ya kitu kingine. Bandua.

Halafu itazame kupitia kidirisha. Unga mweupe au wa kijivu juu ya mkanda ni ukungu, na kanda zilizokaa karibu na ziwa, Ujiji na Kigoma mjini, huwa nao kuliko za kwetu. Hizo fungulia nje, ukiwa na barakoa, na usiziweke pamoja na nyingine. Za Tabora shida yake kubwa ni vumbi. Lile jekundu la kiangazi linaingia ndani ya ganda na kufanya kazi ya msasa kwenye hedi.

Ganda la kaseti nzuri lina skrubu tano ndogo za nyota. Ilaze mezani, upande wenye skrubu ukiwa juu, fungua zote, kisha nyanyua ganda la juu taratibu likiwa limelala vilevile. Ukiligeuza kabla hujaangalia, magurudumu mawili ya mkanda yatamwagika na utakuwa na kazi ya jioni nzima. Piga picha kwa simu kwanza, ndipo uguse. Utaona karatasi mbili laini za kutelezea, juu na chini ya mkanda. Vigurudumu viwili vya pembeni. Na katikati ya mdomo, kipande chembamba cha chuma chenye kitambaa kidogo kama cha kofia. Hicho kitambaa ndicho mhalifu wa kwanza. Kazi yake ni kuubana mkanda ugusane na hedi. Gundi yake ikikauka kinadondoka, na sauti inakuwa ya mbali, inakuja na kuondoka. Watu wengi wakiisikia hali hiyo wanasema "kanda imefutika," wanaitupa. Haijafutika. Hamisha kipande kizima cha chuma pamoja na kitambaa chake kutoka kaseti yoyote isiyo na thamani, dakika tano tu.

Kaseti zilizounganishwa kwa joto hazina skrubu. Pitisha kisu chembamba kwenye mshono mpaka ganda lifunguke, kisha uhamishie mkanda kwenye ganda la skrubu. Ganda la zamani lisitupwe, maana huenda jina la mwimbaji limeandikwa hapo na si kwingine.

Mkanda uliokatika unaungwa kwa gundi-tepu maalumu ya kanda, upande wa ndani, ule usiogusa hedi. Kata ncha zote mbili kwa mshazari wa nyuzi 45 ili kiungo kipite kwenye hedi bila kugonga, zikutanishe bila kupandana, na upana wa tepu usizidi upana wa mkanda, ambao ni milimita 3.81. Selotepu ya dukani ni adui. Kwa joto letu la Oktoba gundi yake inachuruzika na kugandisha mzunguko wa juu na wa chini. Nimeona watu wanaunga kwa rangi ya kucha pia. Sijui hata nisemeje.

Angalia nambari kwenye lebo. C60, yaani ya dakika 60 kwa pande zote mbili, ina mkanda wa unene wa takriban maikroni 18. C90 ni kama 12, na C120 ni kama 9 tu. Ndiyo maana C120 ni ya kuogopa: mwembamba kiasi hicho hunyooka na kujikunja kwa urahisi. Hiyo usiisogeze kwa kasi ya mashine kabisa, itumie kalamu ya risasi yenye pembe sita. Za C60 na C90 zilizokaa miaka mingi zisogezwe mpaka mwisho na kurudi mara moja kabla ya kurekodi, kwa sababu mkanda ukikaa muda mrefu mizunguko yake hushikana, na ukicheza hivyo kasi itayumba.

Sasa mashine. Deki ya mezani ni bora kuliko redio kaseti, lakini redio iliyotengenezwa vizuri inashinda deki mbovu. Mpe fundi abadilishe belti za ndani, maana za zamani hulegea au hugeuka uji mweusi. Wewe mwenyewe safisha hedi, ule mhimili wa chuma unaovuta mkanda, na kigurudumu cha mpira kinachoubana. Kigurudumu kikiwa kimeng'aa kama kioo hakishiki tena, na kasi inayumba. Kanda hutafunwa hivi: mkanda unatoka mbele lakini upande wa pili hauukusanyi kwa kasi ileile. Spiriti ya kusafishia iwe isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Ile ya zambarau ya kuwashia jiko ina rangi na mabaki mengine, na ya asilimia 70 ina maji mengi mno. Chovya kijiti cha pamba, kamua, sugua mpaka pamba itoke nyeupe, kisha subiri ikauke. Kwa mpira usiloweshe, futa tu.

Kuna skrubu moja pembeni mwa hedi, yenye springi ndogo chini yake, na hiyo ndiyo inayonifanya niseme mara moja na robo. Inaamua hedi isimame wima kiasi gani mbele ya mkanda. Kanda ya mtaani ilirekodiwa kwenye redio ambayo hedi yake ilikuwa imeinama kidogo kivyake, na yako imeinama kivyake. Zisipolingana, sauti za juu zinapotea: kayamba, matoazi, herufi s za mwimbaji. Weka alama ya rangi mahali skrubu ilipo sasa. Cheza wimbo wa kwanza, unganisha kushoto na kulia ziwe sauti moja, kisha zungusha skrubu kidogo sana, chini ya robo mzunguko, huku na huku, mpaka usikie sauti imefunguka. Utaitambua, ni kama mtu ameondoa blanketi mbele ya spika. Rudisha kanda mwanzo. Kanda ya mtu mwingine ikija, fanya upya. Hakuna programu inayorudisha herufi s ambayo hedi haikuisoma, na ndiyo maana naiweka hatua hii juu ya nyingine zote.

Waya utoke kwenye tundu la kutolea sauti, "line out", likiwepo, au la hedifoni hilo likikosekana. Usiuchomeke kwenye tundu la maiki la kompyuta: hilo kwa kawaida ni la njia moja, na limetengenezwa kwa ishara dhaifu, kwa hiyo sauti itapasuka. Nunua kadi ya sauti ya USB yenye "line in" ya njia mbili. Kukiwa na mngurumo, chomoa chaja ya kompyuta kwanza. Ukitulia, tatizo lilikuwa la umeme kuzunguka kati ya vifaa viwili, endelea kwa betri. Redio ya mawe ya betri nayo ina mtego wake. Mawe yakichoka mota inapungua mwendo, na dada wa kwaya anaimba kama mwanamume. Weka mapya kwa kila kikao.

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, faili la WAV. Linakula takriban megabaiti 17 kwa dakika, yaani C60 nzima ni kama gigabaiti moja. Vilele vya sauti viwe karibu na desibeli hasi 12. Kwa biti 24 hakuna haja ya kukaribia sifuri, na ngoma ya ghafla haitakuharibia. Rekodi njia zote mbili hata kama wimbo ni wa sauti moja. Kwenye kaseti njia ya kushoto ndiyo iliyo ukingoni mwa mkanda, na ukingo ndio unaokunjika kwanza. Mara nyingi utatupa ya kushoto na kubaki na ya kulia iliyo safi.

Kasi sahihi utaijuaje, na mwimbaji mwenyewe hakumbuki alitumia ufunguo gani? Sikiliza umeme. Kama kanda ilirekodiwa kwenye mashine iliyochomekwa ukutani, kuna uwezekano mngurumo wa gridi uliingia. Umeme wetu ni hezi 50, na mngurumo wake hujitokeza pia kwenye 100 na 150. Fungua mchoro wa masafa kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua sehemu tulivu kati ya nyimbo, tafuta kilima karibu na 150. Kikiwa 154.5, kanda yako inakwenda haraka kwa asilimia 3, karibu nusu ya nusu-sauti. Tumia amri inayobadili kasi na kimo cha sauti kwa pamoja, uishushe kwa asilimia 2.9. Hakikisha tu kwamba si mngurumo wa mashine unayochezea: huo unabaki 50 kamili, na unasikika hata kwenye kile kipande cha mwanzo kisicho na sumaku.

Mchoro huohuo unajibu swali jingine. Kama juu ya kilohezi 5 hakuna kitu, kama ukuta, yaelekea wimbo ulinaswa kutoka redio ya masafa ya kati. Basi hiyo si rekodi ya mwimbaji wako hata kama sauti ni yake, huenda ni ya kituo, na mazungumzo ya kuitoa upya yaanzie huko.

Kusafisha kelele ninakuogopa kuliko kelele zenyewe. Punguza desibeli 6 za mvumo, basi. Ukizidisha, sauti ya mwimbaji inaanza kububujika kama inatoka ndani ya mtungi. Jogoo aliyewika katikati ya ubeti wa pili mwache, naye alikuwepo.

Sasa lile daftari. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa karibu na dirisha, bila taa ya simu, pamoja na kurasa zenye hesabu za sukari, maana hapo ndipo tarehe ilipo. Kisha kaa na mwenyewe, mchezeeni faili na si kanda, mwandike kwa kila wimbo: nani ametunga, nani anaimba sauti ya kwanza, nani solo, nani besi, ilirekodiwa wapi. Asiyejulikana aandikwe hajulikani. Usimwombe mzee akisie, atakupa jina la rafiki yake.

Majina hayo yana kazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamtenga mtunzi, mwimbaji na mwenye rekodi, na haki ya mtunzi inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo kabla hujaupandisha wimbo popote mtandaoni, pata karatasi moja yenye majina, migawo inayofika asilimia 100, na saini, zikiwemo za warithi wa waliotangulia. Mkikosa kuelewana, faili likae kwenye diski. Halitaoza.

WAV ziwe sehemu tatu: diski yako, diski ya mtu mwingine anayeishi mtaa tofauti, na mtandaoni. Kanda irudi kwa mwenyewe ikiwa imesogezwa mpaka mwisho wa upande, ndani ya kasha lake, isimamishwe wima mbali na spika. Nakala ya kusikiliza mtengenezee MP3 ya kilobiti 192, wimbo wa dakika tano ni kama megabaiti 7, uiweke kwenye memori kadi ya ile redio ndogo ambayo kila mzee anayo siku hizi. Redio hizo nyingi hazisomi majina ya faili, zinacheza kwa mpangilio faili zilivyoingia. Kwa hiyo usiburute folda nzima. Nakili wimbo mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza wa upande A.