Je, wajua kwa nini setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka bahari ya Malindi?

Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakisherehekea miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kilo 140 hivi. Kwenye makaratasi ya NASA iliitwa SAS-1, lakini Marjorie Townsend, mama aliyeusimamia mradi, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji.

Marekani wana viwanja vyao vya kurushia roketi, Florida na kwingineko. Ngomeni walifuata nini?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni mzunguko wa dunia. Penye ikweta, ardhi inakwenda mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea huko inaanza safari ikiwa na mwendo huo tayari. Ni kweli, na kwa roketi ndogo kama Scout hiyo ni neema. Ila hata Florida ardhi inakwenda kilomita 1,470 hivi kwa saa, na setilaiti inahitaji zaidi ya 27,000 ili isianguke. Kwa nyongeza ya 200 tu, mimi nisingesafirisha roketi hadi Afrika.

Sababu kubwa ilianzia mwaka 1958. Miezi minne hivi baada ya Warusi kurusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, Marekani walirusha Explorer 1, setilaiti yao ya kwanza, ikiwa na kipimo cha mionzi cha mwanafizikia James Van Allen. Vipimo vyake, na vya Explorer 3 iliyofuata, vilionyesha kwamba dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye chaji zilizonaswa na usumaku wake. Juu ya Brazil na Atlantiki ya Kusini, mkanda wa ndani unashuka hadi kwenye njia za setilaiti.

Sasa Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kutafuta eksirei zinazotoka angani, ambazo hatuzipati huku chini kwa kuwa angahewa inazifyonza. Vigunduzi vyake vilihesabu eksirei moja moja, na chembe za mkanda ule nazo huingia kwenye hesabu. Ni sawa na kusikiliza redio ndani ya nyumba ya bati mvua ikinyesha. Ili kukwepa sehemu kubwa ya kelele hizo, ilifaa setilaiti izunguke juu ya ikweta.

Hapo ndipo Florida inaposhindwa. Roketi ikirushwa moja kwa moja, njia ya setilaiti haiwezi kuwa na mwinamo (pembe kati yake na ikweta) mdogo kuliko latitudo ya mahali ilipoanzia, na Florida ni nyuzi 28.5. Kuilaza njia hiyo juu ya ikweta baadaye kunadai msukumo unaokaribia nusu ya kasi yote ya setilaiti. Scout isingeuweza. Ngomeni iko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na mbele yake, upande wa mashariki, ni Bahari ya Hindi tupu, ambako vipande vya roketi vinaweza kuanguka bila kumdhuru mtu. Isitoshe, jukwaa, liitwalo San Marco, lilikuwepo: Waitalia wakiongozwa na Luigi Broglio walishalitumia mwaka 1967 kurusha setilaiti yao San Marco 2, huku wakiongoza shughuli kutoka jukwaa la pili, Santa Rita.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, ikijizungusha polepole na kukagua anga yote. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Centaurus X-3, kinatoa mpigo wa eksirei kila baada ya sekunde 4.8: ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichosongamana mno cha nyota iliyolipuka, inayofyonza gesi ya nyota mwenzake. Kingine, Cygnus X-1, kilimetameta haraka mno na bila mpangilio, na leo kinajulikana kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa Uhuru, alipata Nobel ya fizikia mwaka 2002. Jukwaa la San Marco lilirusha roketi yake ya mwisho ya setilaiti mwaka 1988.