Fyuzi Kubwa Si Dawa: Dhana Potofu Kuhusu Umeme na Moto katika Magari Madogo

Wenye magari madogo wanaofika katika karakana yangu hapa Mombasa, wengi wao wakiwa na Vitz, Passo, Demio, March au Fit, hunipa agizo moja kabla hata sijafungua boneti: "Fundi, fyuzi hii inaungua kila mara, nitilie kubwa kidogo." Agizo hilo nimelisikia kwa walimu, kwa madereva wa teksi, kwa akina mama wanaopeleka watoto shuleni na, jambo linalonisikitisha zaidi, kwa mafundi wenzangu. Dhana nyingine nitazigusa kwa ufupi, lakini hii ya fyuzi sitaiacha mpaka niimalize, kwa sababu ndiyo inayogeuza hitilafu ya shilingi chache kuwa gari lililoteketea.

"Fyuzi ikiungua mara kwa mara ni ndogo, tia kubwa."

Fyuzi haikuwekwa ili ilinde taa, redio wala mota ya kioo. Imewekwa ilinde waya. Mhandisi aliyeliunda gari alipima kwanza mzigo, akachagua waya wa unene unaoutosha, kisha akachagua fyuzi itakayokatika kabla waya huo haujapata joto la kuyeyusha ganda lake. Vitu hivyo vitatu huenda pamoja, na hakuna kimoja unachoweza kukibadilisha peke yake. Ndiyo maana fyuzi za bapa hutambulikana kwa rangi zile zile: nyekundu ni ampea 10 (ampea ni kipimo cha mkondo wa umeme), buluu 15, njano 20, nyeupe 25 na kijani 30. Anayetoa nyekundu akapachika kijani ameuruhusu mkondo uongezeke mara tatu ndani ya waya ule ule mwembamba, ambao katika taa za nyuma za gari dogo mara nyingi hauzidi milimita moja ya mraba.

Ganda la nyaya nyingi za magari ya Kijapani ni plastiki ya PVC iliyotengenezwa kuvumilia joto la takriban nyuzi 80 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya uvumilivu huo huliwa na joto la injini peke yake gari linapokwama kwenye msongamano wa Daraja la Nyali alasiri ya kaskazi. Mkondo ukizidi, ganda hulainika, likalegea, likagandamana na maganda ya nyaya nyingine zilizofungwa katika fungu hilo hilo. Hapo shoti, yaani umeme kupita mahali pasipo pake, haibaki katika waya mmoja, bali huhamia katika nyaya ambazo fyuzi zake hazikuwa na kosa lolote. Moshi wake nao una asidi inayokereketa koo na kufumba macho, na hilo ni jambo la kufikiriwa na kila anayempakia mtoto kiti cha nyuma.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Hata fyuzi iliyo sahihi haikatiki papo hapo mzigo unapozidi kidogo. Fyuzi ya ampea 10 yaweza kubeba ampea 11 kwa siku kadhaa, na ikipitiwa na ampea 13 na nusu yaweza kungoja dakika nzima na zaidi kabla ya kukatika. Kwa hiyo mtengenezaji tayari amekuachia nafasi ya kutosha. Fyuzi ikikatika mara mbili mfululizo, basi mkondo umepita mbali na kiwango chake, na kuna mahali unapovujia. Sasa chukua shoti inayogusa bati kwa ncha tu, inayovuta ampea 25. Fyuzi ya kijani itaiacha iendelee, na kwa volti 12 hizo ni wati 300 za joto zinazogawanyika kati ya waya na mahali unapogusa, nyuma ya kitambaa na sponji za ndani ya gari.

Si muda mrefu uliopita nililetewa gari dogo la milango mitano kutoka Kisauni. Mwenyewe, mama mmoja mtulivu, alieleza kuwa taa za nyuma zilikuwa zikizima, fundi fulani akazitengeneza, hazikuzima tena, ila kila akiendesha usiku anasikia harufu ya plastiki. Katika sanduku la fyuzi nilikuta kijani mahali pa nyekundu. Nikauvua mpira unaopitisha nyaya kutoka kwenye paa hadi mlango wa nyuma, pale karibu na bawaba, na ndani yake nyaya nne zilikuwa zimepasuka maganda mahali pale pale zinapokunjwa kila mlango unapofunguliwa na kufungwa. Waya wa taa ulikuwa uchi kwa urefu wa ukucha, shaba yake imekuwa nyeusi, unagusa bati. Kuanzia hapo kurudi nyuma, ganda lilikuwa limevimba na kushikana na waya wa taa ya breki kiasi kwamba sikuweza kuzitenganisha kwa mkono. Nilikata kipande chote, nikaunga nyaya mpya kwa lehemu, nikazivisha maganda, nikarudisha fyuzi nyekundu. Haijaungua tangu hapo, kwa sababu haikuwa na ugonjwa tangu mwanzo.

Mpira huo wa mlango wa nyuma ndio mahali pa kwanza ninapopaangalia katika gari lolote dogo la namna hiyo, na nawasihi mafundi vijana wafanye hivyo kabla ya kung'oa dashibodi. Mahali pa pili ni mpira wa mlango wa dereva. Njia ya kutafuta ni rahisi na haihitaji kuteketeza pakiti nzima ya fyuzi: toa fyuzi iliyoungua, na katika nafasi yake unganisha balbu ya wati 21, ile ya indiketa. Chomoa balbu na vitu vyote vinavyotumia njia hiyo, lakini swichi yake iwe imewashwa. Shoti ikiwapo, balbu itawaka kwa nguvu zake zote, na mkondo hautazidi ampea 2, hivyo waya hautaungua. Kisha tikisa fungu la nyaya hatua kwa hatua. Mahali utakapotikisa balbu ikazima au ikapepesa, hapo ndipo penye kidonda. Fundi anayedai kwamba kazi hii inachukua muda mwingi mno, naomba umwachie gari la mtu mwingine, si lako.

Kuhusu karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, kipande cha msumari au uzi wa shaba uliosokotwa miguuni mwa fyuzi iliyokufa, sina maelezo marefu. Hapo waya wenyewe ndio umefanywa fyuzi. Ukivikuta katika gari lako, viondoe leo.

"Betri ni volti 12 tu, haiwezi kuwasha moto."

Volti 12 hazikupigi shoti mkononi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Moto wa gari huletwa na mkondo. Betri ya gari dogo hutoa zaidi ya ampea 100 stata inapozungusha injini, na ikipigwa shoti moja kwa moja hutoa mamia ya ampea. Spana ikigusa terminali ya chanya na bati kwa wakati mmoja huweza kuwa nyekundu na kugandia hapo hapo, na pete ya kidoleni huunguza nyama mpaka mfupani. Vua pete na saa kabla ya kugusa betri, kisha anza kwa kufungua terminali ya hasi.

Lakini katika mji huu adui mkubwa zaidi ni kiungo kilicholegea au kilicholiwa na chumvi. Upepo wa bahari hauchagui mtaa, na baada ya miaka michache unga wa kijani huota kwenye vichwa vya nyaya, hasa zile zinazofungwa bodini. Kiungo cha namna hiyo chenye ukinzani wa sehemu ya tano ya omu, kikipitiwa na ampea 10, hutoa wati 20 za joto katika eneo lisilozidi punje ya mahindi, sawa na pasi ndogo ya kulehemu iliyosahaulika ndani ya plastiki. Fyuzi haiwezi kuligundua jambo hilo, kwa kuwa mkondo haukuongezeka. Dalili zake ni taa iliyofifia upande mmoja, plagi iliyogeuka rangi ya kahawia, na harufu. Nyaya za bodi zifunguliwe, zisuguliwe mpaka bati ling'ae, zikazwe na kupakwa grisi walau mara moja kwa mwaka.

Balbu za wati 100 zinazouzwa kwa wanaotaka mwanga mkali zinahusika hapa pia. Gari lililotengenezewa balbu za H4 za wati 60 kwa 55 huhitaji ampea 10 hivi kwa taa zote mbili za mwanga wa mbali. Balbu za wati 100 huhitaji karibu 17, kupitia plagi na swichi zile zile. Anayehitaji mwanga zaidi aongeze spotilaiti zenye waya wake, rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi yake iliyo karibu kabisa na betri.

"Nikishatoa ufunguo, gari halina umeme."

Waya mnene wa stata na ule wa altaneta (mtambo unaochaji betri) hubaki na umeme wa betri saa zote, pamoja na honi, saa, kufuli za milango, alamu na kifaa cha kufuatilia gari. Waya wa stata katika magari mengi hauna fyuzi hata moja, kwa hiyo ukisugua bati, hakuna kitakachoukata isipokuwa kuondoa betri. Ndiyo maana gari huweza kuwaka saa kadhaa baada ya kuegeshwa. Panya hutafuna maganda ya nyaya, kisha huleta makumbi na vitambaa wajenge kiota juu ya injini yenye vuguvugu; na mwenye kuegesha chini ya mwarobaini atakuta majani makavu yamejaa kwenye mfereji ulio chini ya waipa. Hiyo yote ni kuni. Fungua boneti kila wiki uyaondoe, na tambara la fundi usiliache humo.

"Gari langu limetoka Japani juzi, nyaya zake ni mpya."

Kenya huruhusu kuingiza magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka 8, kwa hivyo gari lishukalo Kilindini huwa na nyaya za miaka sita au saba. Hata hivyo, nyaya za kiwandani si ndizo zinazonitia hofu. Kinachoniogopesha ni yanayofanywa katika wiki ya kwanza: alamu, redio kubwa, kifaa cha kufuatilia na taa za urembo, vyote vikiungwa kwa kuchuna waya, kusokota na kuzungushia tepu. Gundi ya tepu hiyo huyeyuka kwa joto la Mombasa, tepu ikafunguka na kuacha shaba wazi. Kila kilichoongezwa kiwe na fyuzi yake na kiungo kilicholehemiwa au kubanwa vizuri. Na kama gari ni la hibridi, waya wenye ganda la rangi ya chungwa usiguswe kabisa na fundi asiyesomea kazi hiyo. Huo una volti za kuua.

"Injini ioshwe kwa pampu ya presha, itang'aa."

Itang'aa, na maji yatakaa ndani ya plagi na kuanza kuila shaba. Tambara lenye unyevu latosha.

"Moto ukiwaka, fungua boneti umwage maji."

Kufungua boneti yote ni kuupa moto hewa usoni mwako. Maji hayatakupiga shoti kwa volti 12, lakini petroli na oili huelea juu yake, na moto huenda nayo. Ukisikia harufu au kuona moshi, simama pembeni, zima injini, toa watu wote na usogee mbali. Ukiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, usiingie chomboni, mwite mhudumu. Ikiwa moshi bado ni mdogo, vuta kishikio cha boneti kutoka ndani bila kuiinua, elekeza kizima moto cha unga kwenye upenyo, ukianzia chini ya mwali. Cha kilo moja hudumu sekunde 10 hivi, basi usianze kukibonyeza ukiwa mbali. Kikiisha na moto ungalipo, liache gari na piga 999 au 112. Tangi la petroli si rahisi lilipuke, lakini magurudumu na vishikizo vya gesi vya mlango wa nyuma hupasuka kwa kishindo na kurusha vyuma, kwa hiyo usirudi kuchukua simu wala mkoba.

Kizima moto chenyewe kikae chini ya kiti cha dereva, si kwenye buti chini ya mizigo, kwa kuwa mlango wa buti unaotegemea kufuli ya umeme huenda usifunguke nyaya zikishaungua. Tazama sindano yake iwe kwenye kijani, na kila mwezi kipindue na kukigonga kwa kiganja ili unga usigande.