Kadi mpya ya grafiki haidai ubao mama mpya

Kuanzia Darajani, Unguja, hadi Chake Chake, Pemba, wengi huamini kwamba kadi ya grafiki (kifaa kinachotengeneza picha za skrini) ya toleo jipya haifanyi kazi kwenye ubao mama (sakiti kuu ya kompyuta) wa zamani, hivyo ni lazima vinunuliwe vyote viwili. Imani hii ina asili yake: kadi za zamani za AGP, aina ya tundu la kadi iliyotumika awali, hazikuingia kabisa kwenye tundu la PCI Express, aina iliyochukua nafasi yake.

Ndani ya PCI Express yenyewe mambo ni tofauti. Kadi ya toleo la 4.0 ikichomekwa kwenye tundu refu la toleo la 3.0, hukubaliana kwenda kwa kasi ya 3.0, na kazi inaendelea.

Kinachokwamisha zaidi ni umeme. Tundu hutoa wati 75 tu. Zinazobaki hutoka kwenye pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), mara nyingi kwa waya wa pini 6, wenye wati 75, au pini 8, wenye wati 150. Nalisisitiza hili kwa sababu kadi iliyoagizwa Dar es Salaam ikikosa waya wake, kuirudisha ni gharama nyingine ya boti.

Kabla ya kununua, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome jina la ubao mama, kisha utafute mwongozo wake kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ukiwa ubao wa kale sana, angalia humo kama una UEFI, programu ya kuwashia kompyuta iliyochukua nafasi ya BIOS; bila hiyo, baadhi ya kadi mpya hazitoi picha. Halafu zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, soma wati kwenye lebo ya pawa saplai, hesabu pini za waya zake, na pima kwa rula nafasi ya kuweka kadi.